Kubuni virefu: jinsi ya kulifanya neno lijieleze kwa herufi zake

PAKA: Panya Akimwona, Kifo Amekiona.

Maneno manne, na herufi ya kwanza ya kila moja inaturudishia neno lile lile linaloelezwa. Hakuna neno lililosukumizwa humo kujaza nafasi. Sarufi imekaa sawa, mdundo upo, na anayesikia anajua ni mnyama gani anayezungumziwa hata kabla hajaziangalia herufi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufika hapo: unachukua neno la kawaida, unalichukulia kana kwamba ni kifupisho, kisha unalibunia kirefu kinachosema jambo la kweli kuhusu neno lenyewe.

Ni mchezo, lakini una kazi zake. Mwalimu wa lugha anaweza kuutumia kufundisha ngeli bila wanafunzi kujua kwamba wanafundishwa ngeli. Kikundi kinachotafuta jina kinaweza kupata jina na maelezo yake kwa pamoja. Anayeandika kadi ya pongezi, tangazo au utangulizi wa hotuba hupata sentensi moja inayokaa kichwani.

Wengi wanaojaribu mchezo huu kwa Kiswahili hukwama mahali pamoja: kwenye irabu. Maneno yetu ya asili huishia na irabu, na karibu kila silabi ina irabu, kwa hiyo nusu ya herufi unazopaswa kuzijaza huwa A, I, U, E au O. Mtu hufungua kamusi kutafuta nomino zinazoanza na A, akakuta amani, adabu, akili, aibu na nyingine chache zinazofaa, akachoka. Kamusi si mahali pa kuzitafuta. Irabu za kuanzia neno hutengenezwa na kitenzi, na ukishalielewa hilo, neno lenye A tatu linageuka kuwa jepesi kuliko lenye konsonanti nyingi.

Kirefu kinachokuja baada ya neno

Kwa kawaida kirefu hutangulia. Upungufu wa Kinga Mwilini yalikuwa maelezo kwanza, ndipo likapatikana neno UKIMWI. Rada na leza nazo zilizaliwa hivyo kutoka Kiingereza, na leo watu wengi hawajui kwamba zilikuwa vifupisho. Sisi tunakwenda kinyumenyume: neno lipo, kirefu kinakuja baadaye.

Njia hiyo si ngeni. Ishara ya hatari ya SOS, iliyokubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa Berlin mwaka 1906, ilichaguliwa kwa sababu nukta tatu, mistari mitatu na nukta tatu ni rahisi kutuma na kutambua. Herufi zake hazikuwa na kirefu chochote. Watu ndio waliozibunia virefu vya kuomba kuokolewa. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa daktari Virginia Apgar wa Marekani. Mwaka 1952 alibuni njia ya kumpima mtoto mchanga mara tu anapozaliwa kwa mambo matano: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, jinsi anavyoitikia akichokozwa, nguvu ya misuli na upumuaji, kila jambo likipewa alama 0 hadi 2. Miaka kama kumi baadaye daktari mwingine aligundua kwamba jina la ukoo la mwenzake lina herufi tano, akayapanga yale mambo matano ya Kiingereza yaanze kwa herufi hizo. Tangu hapo wauguzi na madaktari wamekuwa wakikumbuka kipimo kwa kukumbuka jina la aliyekibuni. Mchezo wa herufi ukifanywa vizuri unaweza kufika mbali namna hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua neno

Anza na neno la herufi tatu hadi sita. Chini ya hapo huna nafasi ya kusema kitu. Zaidi ya hapo utalazimika kujaza, na msomaji atakuona ukijaza. Chagua neno la kitu kinachofanya kazi fulani au chenye tabia inayojulikana. Paka, saa, deni, hasira na simu vina la kusemwa. Neno kama "kitu" au "hali" halina sura, hivyo kirefu chake kitakuwa hewa.

Hatua ya pili: amua utahesabu nini

Kuna njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni herufi kwa herufi, kama PAKA. Ya pili ni silabi kwa silabi, na hii ndiyo iliyozoeleka zaidi katika vifupisho vya Kiswahili. Angalia UKIMWI: U ya upungufu, KI ya kinga, MWI ya mwilini. Angalia TAKUKURU: TAasisi ya KUzuia na KUpambana na RUshwa. Silabi zina faida kubwa, kwani kifupisho kinatamkika hapo hapo kama neno.

Kwa neno lililopo tayari, silabi hupunguza idadi ya maneno ya kirefu kwa karibu nusu. KITABU kwa herufi kinataka maneno sita. Kwa silabi kinataka matatu tu:

KITABU: KIfunue, TAfuta BUsara.

Hasara yake ni kwamba silabi inabana. Herufi K inakupa maelfu ya maneno, lakini silabi KO inakupa machache, na BE machache zaidi. Mimi huanza na herufi, nikihamia kwenye silabi pale tu neno linapokuwa refu au silabi zake zinapokuwa za kawaida kama ki, ta, ma, wa na ku.

Herufi mbili zinazotamkwa kama sauti moja, yaani ch, sh, dh, th, gh na ny, zihesabu kama kitu kimoja. Msomaji wa Kiswahili haoni S na H ndani ya "shule", anaona SH. Hivyo:

SHULE: SHina la Ujuzi, Lango la Elimu.

Hatua ya tatu: weka sheria ya vijineno

Katika UKIMWI neno "wa" halikuhesabiwa, na katika TAKUKURU "ya" na "na" hazikuhesabiwa. Ni desturi nzuri: viunganishi na vihusishi vidogo viandikwe kwa herufi ndogo na viachwe nje ya hesabu.

JUA: Joto na Uhai wa Ardhi.

Hata hivyo unaweza kukihesabu kijineno kinapokufaa, mradi katika kirefu hicho hicho usikihesabu kimoja na kukiruka kingine. Katika mfano ufuatao "au" imehesabiwa na hakuna kilichorukwa:

RAFIKI: Raha Au Fadhaa, Imani Kwako Imara.

Ukichanganya, yaani ukahesabu "na" ya kwanza ukairuka ya pili, msomaji makini atakukamata na raha yote itaisha. Raha ya mchezo huu inatokana na kufuata sharti gumu kwa uaminifu.

Hatua ya nne: andika ya kusema kabla ya kuzitazama herufi

Chukua karatasi, andika mambo matano au sita ya kweli kuhusu kitu hicho. Kinafanya nini? Kinamfanyia nani? Bila hicho ingekuwaje? Watu hukilalamikia nini? Usiziwazie herufi bado. Ukianza na herufi utapata maneno yanayolingana kwa herufi tu, kisha utajilazimisha kuamini kwamba yana maana.

Makosa ya kawaida katika hatua hii ni kuandika orodha ya sifa. Mtu anataka kirefu cha MAMA, anaandika: Mwema, Aminifu, Mpole, Adilifu. Kuna matatizo mawili hapa. La kwanza, sifa hizo zingemfaa mtu yeyote mwema, hazimhusu mama peke yake. La pili ni la sarufi: sifa za Kiswahili hubeba kiambishi cha ngeli. Mtu hawi "aminifu", huwa mwaminifu. Hawi "adilifu", huwa mwadilifu. A ulizozitafuta zimekwisha kuwa M. Orodha ya sifa inakubalika katika lugha ambazo sifa hazibadiliki umbo, lakini kwa Kiswahili inavunjika mikononi. Linganisha na hiki:

MAMA: Mlezi Akeshaye Mtoto Akiugua.

Hapa pana mtu, tendo na wakati wa usiku ambao kila mtu anaujua. Hakuna sifa hata moja iliyotajwa, na bado sifa zote zimo.

Orodha hufaa pale tu inapokuwa na safari ndani yake, kila neno likikusogeza mbele ya lililotangulia. FEDHA: Furaha, Enzi, DHiki, Aibu. Hapo mtu anapanda kisha anaporomoka, na nomino nne zimetosha.

Hatua ya tano: acha kitenzi kikupe irabu

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo tukae hapa.

Kitenzi cha Kiswahili huanza na kiambishi cha mtenda. Mtu na mnyama, wakiwa mmoja mmoja, huchukua a-. Vitu vya ngeli ya simu, saa, kalamu na dawa huchukua i-, na pia miti, mito na vyote vya mi-. Wewe unayeambiwa unachukua u-, na vilevile ukuta, upepo, uzi, mti na mlango. Maana yake ni kwamba kila kitenzi cha lugha hii, hata kile kinachoanza na konsonanti, unaweza kukigeuza kianze na A, I au U. "Piga" inakuwa apigaye, ipigwayo, ukipiga. "Fika" inakuwa akifika, ifikayo, usifike. Kamusi haiziorodheshi sura hizi kwa sababu hazina mwisho.

Herufi A. Neno likiwa la mtu au mnyama, A ni yake mwenyewe: akimwona, akeshaye, anawajua. BABU: Busara Aliyoipata Baada ya Umri. MBWA: Mlinzi Bora, Wezi Anawajua. Ugumu huja neno linapokuwa la kitu kisicho na uhai, maana saa haiwezi kuchukua a-. Dawa yake ni kumwingiza mtu. Tafuta nani anakitumia kitu hicho, nani anakipokea, nani kinamsumbua, kisha A iwe yake.

TAA: Tuiwashe, Apitaye Aone.

KALAMU: Kila Aandikaye Lazima Aishike, Mkono Usichoke.

BARUA: Bahasha Aliyotumiwa Rafiki, Ujumbe Aupate.

Au kipe kitu hicho cheo cha mtu, ndipo a- iwe halali:

SAA: Shahidi Asiyependelea Aliyechelewa.

Saa imekuwa shahidi, na shahidi ni mtu, kwa hiyo "asiyependelea" inakubalika. Hila hii ya kumwingiza mtu ina faida isiyotarajiwa. Kirefu chenye mtu ndani yake karibu kila mara huwa kizuri kuliko kinachoeleza kitu peke yake, kwa sababu kinakuwa na kisa kidogo.

Herufi I. Hii ni ya ngeli ya vitu na mawazo mengi, nayo hukaa vizuri sana nyuma ya nomino ya ngeli hiyo. SIMU: Sauti Ifikayo Mbali Upesi. SIMBA: Sauti Ikivuma, Mbuga Bila Amani. Ukiwa na I katikati ya neno, jaribu kwanza kuweka mbele yake nomino kama sauti, nuru, njia, habari au roho, kisha kitenzi chake kianze na i-. Mifano miwili hiyo imefanya hivyo hivyo na bado haifanani kabisa.

Herufi U. Ina milango miwili. Nomino dhahania zimejaa tele hapa: uhai, uchungu, ujuzi, utulivu, ujumbe. Na kuna u- ya "wewe", inayomgeuza msomaji kuwa mhusika. KASUKU: Kila Akisikia Sauti, Utasikia Kila Ulichosema. Mara nyingi mlango wa pili ndio unaoleta uchangamfu, lakini watu huukimbilia ule wa kwanza.

Sasa E na O. Hapa mambo yanabadilika kabisa, kwa sababu hakuna kiambishi cha mtenda kinachoanza na E au O. Unabaki na nomino chache (elimu, enzi, eneo, orodha, onyo, ofisi, ombi), na vitenzi ambavyo mizizi yake yenyewe huanza na irabu hizo: enda, endelea, epuka, elewa, eleza, enea, ona, ondoa, okoa, omba, onya, ongeza, onja, oga. Na kitenzi kisipokuwa na kiambishi, kwa Kiswahili huwa amri.

Matokeo yake ni jambo ambalo inafaa ulijue kabla hujaanza kuandika: neno lenye A, I na U hutaka kirefu cha maelezo, ilhali neno lenye E na O hutaka kirefu cha ushauri au onyo. Usipambane nalo. Likubali, na uchague la kusema linaloendana na amri.

DENI: Daima Epuka, Nafsi Itulie.

MOTO: Mtoto, Onyo: Tazama, Ondoka!

KIOO: Kikionyesha Ila, Ondoa au Oga.

KESHO: Kazi Epuka, SHughuli Ondoa.

SOMA: Sogea, Ongeza Maarifa, Amka.

Katika KIOO kuna kitu cha ziada: "kikionyesha" imebeba ki- ya kioo chenyewe, kwa hiyo hata anayesikia kirefu bila kichwa chake anajua tunazungumzia kitu cha ngeli ya ki-. Upatanisho wa namna hiyo ni johari. Ukiupata, usiuache.

Na neno lililonipa raha kuliko yote katika kundi hili ni lenye E na O pamoja, likazaa mazungumzo kamili:

UPENDO: Umeumia? Pole. Elewa Nipo Daima, Omba.

Upande wa konsonanti, baadhi zinabebwa na sarufi kama irabu zinavyobebwa. H ina hu- ya mazoea na ha- ya kukanusha, T ina tu-, W ina wa-, V ina vi-, Z ina zi-, L ina li-. HASIRA: Hufukuza Amani, Subiri Ipoe, Rafiki Arudi. Zile zisizo na msaada wa kiambishi cha mtenda, yaani B, D, F, G, J na R, zinahitaji akiba yako mwenyewe. Kwa B kuna bila, baada, bado, bora. D ina daima, dunia, dalili. F ina furaha, fumbo, fundi, fikra. G ina giza, gumzo. J ina jambo, jibu, joto, jana. R ina raha, roho, rafiki, rangi, riziki. Andika akiba hiyo mahali na uiongeze kila unapopata neno zuri. Q na X hazikuhusu.

Neno moja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuchukue KAMUSI. Mambo ya kusema: ina maana za maneno, huendewa na asiyejua, inaaminika kwa usahihi, haichoki kuulizwa, imepangwa kwa alfabeti.

Herufi ni K, A, M, U, S, I. Kabla ya yote tafuta kama neno lolote la kwenye orodha yako linaangukia kwenye herufi mojawapo. "Maana" inaanza na M, na ndilo neno la moyo wa kamusi. Lipigilie hapo. "Sahihi" inaanza na S. Nalo lipigilie. Sasa una: K, A, Maana, U, Sahihi, I.

Kabla ya "maana" panahitajika kitenzi cha mtu kinachoichukua maana kama yambwa, yaani kitu kinachotendwa: asiyejua maana, anayetafuta maana. Mbele yake K: "kila" au "kwa". "Kwa anayetafuta maana" inasikika kama mwaliko, na inaacha nafasi ya jibu. Kabla ya "sahihi" panataka nomino ya U inayosifiwa: usemi, ukweli, ufafanuzi. "Ufafanuzi sahihi" ndiyo hasa kazi ya kamusi.

Imebaki I ya mwisho. Neno linalokuja haraka ni "imo": ufafanuzi sahihi imo. Soma kwa sauti na utasikia kasoro, maana ufafanuzi unataka "umo". Wengi wangeiacha hivyo wakitumaini hakuna atakayeona. Tusiiache. Swali ni nani katika sentensi hii anayestahili i-, na jibu ni kamusi yenyewe. Kamusi inafanya nini na huo ufafanuzi? Inao. I- ya kamusi, -o ya ufafanuzi, na upatanisho umetimia pande zote mbili:

KAMUSI: Kwa Anayetafuta Maana, Ufafanuzi Sahihi Inao.

Utaratibu huo hutumika kwa neno lolote: pigilia kwanza maneno mazito yanayoangukia mahali pake, jaza irabu kwa vitenzi vinavyoyahudumia, na neno la mwisho lichague mwisho. La mwisho ndilo linalosikika kwa muda mrefu zaidi, hivyo likiwa dhaifu, rudi nyuma ubadilishe hata yale uliyokwisha kuyapenda.

Majaribio ya kukipima kirefu

Jaribio lenye nguvu kuliko yote ni la kitendawili. Msomee mwenzako kirefu bila kumwambia neno, kana kwamba unatega. "Panya akimwona, kifo amekiona" atategua mara moja. "Sauti ikivuma, mbuga bila amani" vilevile. Akishindwa hata baada ya kufikiri, kirefu chako kina herufi sahihi lakini hakimwelezi mtajwa. Kuna raha ya pekee anapokosea jibu, kisha akagundua kwamba lilikuwa limekaa kwenye herufi za mwanzo muda wote.

Jaribu pia kukihamisha. Je, kirefu kingefaa neno jingine? "Mlinzi bora" peke yake kingemfaa askari au kufuli. "Wezi anawajua" ndiyo inayomrudisha mbwa.

Usirudie mzizi wa neno ndani ya kirefu chake. USAFI wenye neno "safisha" ndani umejizunguka tu. Hiki kinafanya kazi bila kuligusa: Ufagio Shika, Adui Fukuza: Inzi.

Marudio yanaruhusiwa pale yanapokuwa ya makusudi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa programu huru uitwao GNU, na kirefu chake kinasema kwamba GNU si Unix (mfumo mwingine wa kompyuta), herufi ya kwanza ikisimamia kifupisho chenyewe bila mwisho. Kwa Kiswahili kuna neno moja linalostahili hila hiyo, nalo ni KASUKU, kwa kuwa kurudia ndiyo tabia yake: Kasuku Akisikia Sauti, Utasikia Kila Ulichosema.

Mwisho, umbo. Neno lenye silabi zinazojirudia linapendeza likipata kirefu kinachojirudia pia. BABA: Busara Anayo, Bidii Anayo. DADA: Dawa Anayo, Dua Anayo. Na mizani ikilingana, kirefu hukaa kama mshororo. MVUA: Maji Vileleni, Uhai Ardhini, nusu mbili zinazotazamana.

Ukitafutia kikundi jina

Hapa una uhuru ambao huna kwa neno lililopo, kwa sababu unaweza kubadilisha neno lenyewe. Andika kwanza kazi ya kikundi kwa maneno machache, kisha orodhesha majina kumi yanayoipenda kazi hiyo, ndipo ujaribu kirefu cha kila moja. Jina lazima lipendeze hata kwa asiyejua kirefu, maana wengi hawatakijua. Kirefu nacho kisemwe kwa pumzi moja. Sheria moja ya Marekani ya mwaka 2001 ilipewa jina lenye herufi kumi zinazounda maneno ya kizalendo, USA PATRIOT, na kirefu chake ni kirefu kweli kweli. Jina linajulikana duniani kote, kirefu hakisemwi na mtu. Ikiwa kikundi chako hakihitaji neno lenye maana, chukua njia ya silabi kama ilivyofanywa kwa MKUKUTA, yaani Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania. Halina maana kamusini lakini linatamkika, na linashikika.

Mahali pa kuwa mwangalifu

Kirefu kizuri husafiri bila mwenyewe. Janga la UKIMWI liliposhika kasi, mitaani kulizuka kirefu cha kifupisho cha Kiingereza, AIDS: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Kwa ufundi hakina kasoro. Herufi nne, maneno manne, i- ya AIDS yenyewe katika "iniue", sauti ya mtu anayezungumza. Ufundi huo huo ndio uliokifanya kienee, na kilichoenea ni kujisifia hatari iliyokuwa ikiua watu. Ugonjwa, msiba, kabila na ulemavu si mali ya kuchezea herufi.

Jina la mtu nalo ni lake. Kumbunia rafiki kirefu cha jina lake ni zawadi nzuri ukimwonyesha yeye kwanza. Kirefu cha kumdhihaki kitamng'ang'ania kwa miaka, kwa sababu kila anayeliona jina lake atakikumbuka.

Na ukikitoa kirefu hadharani, eleza kwamba umekibuni. Watu wengi wanaamini kwa dhati kwamba SOS ilitoka kwenye maneno fulani. Kirefu cha mchezo kikipita mikono mitatu hugeuka kuwa "asili ya neno", na mwanafunzi atakiandika kwenye mtihani.

Maneno ya kujaribia

Anza na DAWA. Ina A mbili na ni kitu, kwa hiyo mwingize mgonjwa. Kisha SAUTI, ambayo I yake iko mwishoni na inafaa iwe kitenzi cha sauti yenyewe. DARAJA lina A tatu, na linahitaji mtu anayevuka, labda wawili wanaokutana katikati. UKUTA una U mbili. Moja iwe ya ukuta, nyingine iwe ya "wewe" unayeuegemea. Ukifika NDOTO utakuwa umefika pagumu: O mbili, moja ikiwa mwishoni kabisa, na kitenzi kinachokuja haraka zaidi, "ota", hakiruhusiwi kwa sababu ni mzizi ule ule. Jaribu "ona" katikati, halafu tafuta amri ambayo mtu aliyelala angependa kuambiwa.